Omu za amplifaya na spika za nyumbani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Simu yangu imejaa picha za migongo ya amplifaya. Mtu hata salamu hana, anatuma picha ya nyuma ya mashine ina vumbi la miaka sita, kaizungushia duara jekundu sehemu imeandikwa 8Ω (hiyo Ω ndiyo omu, kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinga umeme), chini yake "fundi hii vipi". Nimechoka kuandika majibu yaleyale kwa kidole gumba, nimeyaweka yote hapa, ukiniuliza nitakuelekeza huku na usinune.

Amplifaya yangu imeandikwa omu 8, spika zangu ni omu 6. Zitaendana?

Zitapiga, na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni hutaona tofauti yoyote. Ila shika hili mapema maana mengine yote yanazunguka hapahapa: ile 8 sio saizi ya kiatu kwamba lazima mguu uwe wa namba hiyohiyo, ni mpaka, mtengenezaji anakwambia usishuke chini ya hapa. Spika yenye omu nyingi kuliko ilivyoandikwa haina shida, inavuta umeme kidogo na sauti inapungua kidogo basi. Yenye omu chache ndio inayoibebesha mashine. Imeandikwa 4 mpaka 16, weka 4, weka 6, weka 8, lala usingizi. Imeandikwa 8 peke yake na wewe una 6, weka, ila usikeshe nayo volyumu ikiwa mwisho. Imeandikwa 8 peke yake na wewe una 4, soma mpaka chini kwanza.

Kwa hiyo amplifaya yenyewe ndani ina omu 8?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi tunapotea, hata mimi nilipotea miaka. Angalia soketi ya ukutani. Inatoa volti 230, unachomeka pasi ya wati 1000 ambayo ukipiga hesabu ni kama omu 53, au unachomeka taa ya wati 10 ambayo ni zaidi ya omu 5000, na soketi haijali, kila kifaa kinavuta kinachotaka. Hakuna anayekwenda dukani kuulizia pasi inayolingana omu na soketi. Soketi yenyewe na nyaya zake mpaka kwenye transfoma ina sehemu tu ya omu moja, na ndio maana ukiwasha pasi taa hazizimiki.

Amplifaya ya transista ni vilevile. Impedansi yake ya kutolea sauti, yaani inavyoupinga umeme wa muziki, nayo kwa omu, ni ndogo mno, mara nyingi chini ya omu 0.1. Yenyewe inashikilia volti, spika inaamua ivute ampea ngapi. Ile 8 ya nyuma ni maelezo ya mzigo ambao mtengenezaji aliufanyia hesabu wakati anachagua transista, transfoma na hitisinki, kile chuma cha kupoza joto.

Mbona chuo tulifundishwa nguvu nyingi inapatikana omu za pande mbili zikilingana?

Ulifundishwa kweli na mwalimu hakukosea, ila hilo ni kwa chanzo ambacho impedansi yake huwezi kuibadilisha, unachagua mzigo tu. Omu zikilingana, nusu ya umeme inaishia kwenye chanzo chenyewe. Sasa fikiria amplifaya inapeleka wati 50 kwenye spika huku wati 50 nyingine zinachemsha tu ndani ya boksi bila sababu. Waliokuwa na haja ya kulinganisha ni watu wa simu, laini zao ndefu za omu 600, na watu wa valvu, zile chupa za kioo za kabla ya transista, nitafika huko. Kwa transista tunataka impedansi ya amplifaya iwe ndogo sana kuliko ya spika, tena ikiwezekana mara mia.

Lakini spika ya omu 4 si ndio inapiga zaidi?

Inapiga zaidi, na inadai zaidi. Chukua amplifaya inayotoa volti 20 pale inapofika kikomo. Kwenye omu 8 inapita ampea 2.5, hiyo ni wati 50. Kwenye omu 4 ampea 5, wati 100. Kwenye omu 2 ampea 10, wati 200 kwenye makaratasi, lakini nani anazitoa hizo? Transfoma ni ileile, transista ni zilezile, hitisinki ni lilelile la kiganja. Volti zitaanza kuporomoka, joto litapanda, na kabla hujazifikia hizo 200 kitu kitakuwa kimekata.

Alafu kutoka 50 kwenda 100 masikio yanapata desibeli 3 tu. Unasikia imeongezeka, sawa, lakini sio mara mbili kama ulivyotegemea.

Wanaojitengenezea wenyewe wanaijua hii kwenye karatasi za IC, kile kidude kimoja chenye amplifaya ndani. LM3886 kwa mfano, ukiipa volti 28 chanya na 28 hasi inatoa wati 68 kwenye omu 4 na wati 38 kwenye omu 8. Kwa omu 8 unaruhusiwa kuipandisha mpaka 35 chanya na hasi upate wati 50, kwa omu 4 usijaribu, itajikata kila besi ikigonga. IC ni ileile, ila spika unayokwenda kufunga ndio inakuchagulia transfoma, sio kinyume chake.

Nimepima spika ya omu 8 kwa mita, inasoma 6.2. Nimeuziwa feki?

Hujauziwa feki, tulia. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili kwa umeme wa betri, umeme usiocheza. Impedansi ni kitu kingine, ni jinsi spika inavyoupinga umeme unaochezacheza wa muziki, na inabadilika kila noti. Spika ya omu 8 kwa kawaida kwenye mita inasoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Haina maandishi kabisa? Soma mita, ongeza kama robo, chagua namba ya karibu. 6.2 ukiongeza robo unapata 7.75, hiyo ni 8.

Jaribu kitu kidogo. Weka mita kwenye omu, shika ncha zake kwenye spika, mwambie mtoto asukume koni ya wufa, ile spika ya besi, taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pembeni ya kofia ya katikati. Namba itaruka, inapanda, inashuka, alafu ikitulia inarudi palepale. Ile kuruka ni spika yenyewe inazalisha umeme maana koili inatembea mbele ya sumaku. Ndicho kinachotokea muda wote wa muziki, na ndio maana pale koni inapopenda kucheza yenyewe, kwenye besi, tuseme mtetemo wa 50 kwa sekunde, spika hiyohiyo ya "omu 8" inaweza kupanda ikafika 30. Ikipita hapo inashuka karibu na ile ya mita, alafu inapanda tena pole pole kuelekea sauti nyembamba.

Kwa hiyo 8 ni jina tu. Kanuni ya kimataifa, IEC 60268-5, inasema impedansi isishuke chini ya asilimia 80 ya iliyoandikwa, yaani ya 8 isipungue 6.4 na ya 4 isipungue 3.2. Wengine hawaifuati, wanaandika 8 kwenye spika inayogusa 4, na ukiona spika inaichosha amplifaya nzuri bila sababu anza kushuku hapo.

Mita ikisoma 0 au 0.3 koili imepiga shoti, usiifunge popote. Isiposoma kabisa imekatika.

Amplifaya ina A na B za kufunga jozi mbili za spika. Nikiwasha A+B inakuwaje?

Nyingi zinaziunga paraleli, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Jozi mbili za omu 8 zinakuwa omu 4, jozi mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Ndio maana ukisoma vizuri nyuma utakuta maandishi mawili, A au B omu 4 mpaka 16, na mstari wa pili A+B omu 8 mpaka 16. Huo mstari wa pili hausomwi na mtu.

Mimi sikuusoma. Ilikuwa Idi, nyumba imejaa, nina spika za omu 4 sebuleni na zingine za omu 4 nimezitoa barazani, nikabonyeza A+B. Wimbo wa tatu "tak", kimya, taa nyekundu. Nikazima, nikawasha, ikapiga, tak. Sasa mtu mwenye akili angepunguza volyumu, mimi kijana fundi najiona najua nikafungua boksi, nikairuka rilei ya ulinzi kwa kipande cha waya, nikafunga, nikawasha. Ilipiga nusu saa tamu kabisa. Alafu wufa moja ikatoka nje ikabaki hukohuko, haitikisiki, imeduwaa kama jicho, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa sebule kabla ya pilau haijaletwa. Transista za kutolea zilipiga shoti, volti za moja kwa moja, zile zisizocheza, zikaenda zote kwenye spika, na rilei niliyoiruka ndio ilikuwa kazi yake kuzuia hilo.

Kuna amplifaya chache zinaunga A+B sirizi, yaani umeme unapita spika moja ndio uende ya pili. Kuzijua ni rahisi, funga spika za A tu, weka A+B, ikiwa kimya basi ni sirizi.

Nikitaka spika nne kwenye amplifaya ya njia mbili nifungeje?

Kama zote ni omu 8 na amplifaya inakubali 4, paraleli mbilimbili, umemaliza. Kama zote ni omu 4 na amplifaya haishuki chini ya 4, funga sirizi mbilimbili upate 8: chanya ya amplifaya kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi ya hiyo kwenye chanya ya pili, hasi ya pili irudi. Kwa njia moja spika nne za omu 8, mbili sirizi, mbili sirizi, alafu mafungu hayo mawili paraleli, unarudi kwenye 8.

Sirizi ina sharti, spika ziwe za aina moja. Ukifunga sirizi spika mbili tofauti kila moja inaivuruga mwenzake, maana pale moja inapopandisha impedansi yake kwenye besi inamnyima mwenzake umeme. Sauti inatoka, ila ya ajabu.

Na moja ya omu 4 na nyingine ya omu 8?

Paraleli zinakuwa omu 2.67, na ile ya 4 inakula wati mara mbili ya ile ya 8. Sirizi zinakuwa 12, na mambo yanageuka, ile ya 8 ndio inakula mara mbili. Mi sifungi hivyo kwa mteja.

Nikiongeza rizista ya omu 4 kwenye spika ya omu 4 si inakuwa 8?

Inakuwa 8 na amplifaya inapumua, ndio. Lakini nusu ya wati zote zinaenda kupasha moto rizista, kwa hiyo itafute ya wati zinazolingana na za spika, sio vile vidogo vya senti, la sivyo itachoma boksi. Na besi inalegea, inakuwa kama inapigwa chumba cha pili. Kapunguze volyumu tu, ni bure.

Hizi bodi ndogo za amplifaya zenye IC ya TPA3116 zinasema omu 4. Naweza kuunganisha hasi za kushoto na kulia kama kwenye redio ya gari ya zamani?

USIUNGANISHE. Kwenye bodi hizi, na kwenye redio karibu zote za gari za siku hizi, kila spika inasukumwa pande zote mbili, ile "hasi" sio ardhi, nayo ina umeme wa sauti. Ukiziunga pamoja au ukizigusisha na bodi ya chuma ya gari umepiga shoti. IC hii inatoa wati 50 kila upande kwenye omu 4 ikilishwa volti 21, na kiwango chake cha chini ni omu 3.2, ambayo ukikumbuka hapo juu ndio asilimia 80 ya 4. Kwa hiyo spika ya 4 ya kweli iko salama, spika mbili za 4 paraleli haziko salama.

Hii ya kusukuma pande mbili inahusu pia wenye amplifaya kubwa zenye swichi ya briji, inayofanya pande zote mbili zisukume spika moja. Ukibriji, kila upande unaona nusu ya spika, ya 8 inaonekana 4, ya 4 inaonekana 2. Mashine isiyoshuka chini ya 4 kwa kawaida ukiibriji inataka 8 na kupanda.

Nina spika za hom thieta iliyokufa, omu 3. Nazifunga kwenye amplifaya ya kawaida?

Zile zilipimwa kwa mashine yake. Amplifaya ya omu 8 usiipe. Ya omu 4 itazipiga kwa sauti ya maongezi na muvi, ila shika kifuniko cha juu baada ya nusu saa ujue unafanya nini. Kama umepata nne zinazofanana, funga sirizi mbilimbili upate 6, hapo nakuunga mkono.

Nyuma ya risiva yangu kuna swichi ya omu, 4 au 8. Niweke wapi?

Mara nyingi swichi hiyo, au ile ya kwenye menyu, ukiweka 4 inapunguza volti ndani ili mashine isichemke, na wati zinapungua. Sio kwamba "inalinganisha" kitu. Mwenye spika za 4 anayependa kelele aiweke 4, mwenye za 8 aiache 8. Ukiwa na za 4 unasikilizia chini, hata ukiiacha 8 hutalia, ila mtengenezaji akisema 4 we msikilize yeye sio mimi. Na usiibadilishe mashine ikiwa inapiga.

Babu ameacha redio ya valvu. Hapo nako ni hivyohivyo?

Hapo kila kitu kinageuka. Valvu inataka kuona maelfu ya omu, spika ina 8, katikati kuna transfoma ya kutolea ndio inayotafsiri. Tuseme valvu inataka omu 5000 na spika ni 8, gawanya unapata 625, kipeuo chake cha pili ni 25, kwa hiyo mizunguko ya waya upande wa valvu ni mara 25 ya upande wa spika. Ukifunga spika ya 4 mahali pa 8, valvu haioni tena 5000, inaona 2500, nguvu inapungua na sauti inakwaruza mapema. Ndio maana amplifaya za valvu zina skrubu tatu nyuma, 4, 8, 16, na hapo ndio unalinganisha kwa namba kweli: spika ya 8 kwenye 8.

Kosa moja dogo haliui. Kinachoua ni kuiwasha na kuipigisha bila spika kabisa. Transista bila spika haina neno, inakaa tu, lakini transfoma ya valvu isipokuwa na mzigo volti zinarukia juu mno mpaka zinatoboa insulesheni yake, na transfoma hiyo kuipata leo ni kazi. Spika kwanza, umeme baadaye.

Spika za Uingereza za enzi zile nyingi zilikuwa omu 15, usishangae. Hata LS3/5A za BBC za miaka ya 1970 zilianza na omu 15 kabla ya toleo la baadaye kushuka mpaka 11.

Dampingi fakta ya 500 ni bora kuliko ya 50?

Kwenye tangazo. Namba hiyo ni omu za spika kugawanya kwa impedansi ya amplifaya, 8 gawanya 0.05 unapata 160, na inaonyesha amplifaya inavyoweza kuishika koni isiendelee kucheza besi ikishakata. Sasa weka waya wa mita 10 wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi ni mita 20, hiyo ni omu 0.24 peke yake. Ile 160 imeshuka kwenye kama 28 na hujafanya kosa lolote. Na koili ya spika yenyewe ina omu 6 njiani, kwa hiyo kupigania 500 ni kuhesabu vumbi.

Pesa weka kwenye waya. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba kwa umbali uleule unakula zaidi ya omu 0.7, kwa spika ya 4 hiyo ni nyingi. Mimi nataka waya usizidi asilimia 5 ya spika, 0.4 kwa ya 8 na 0.2 kwa ya 4, kwa hiyo ya 4 mita 10 nafunga 2.5. Na dukani omba kisu, kwangua uzi mmoja, ukiona rangi nyekundu ni juujuu tu na ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini imepakwa shaba, ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Lipa bei ya alumini basi.

Honi za msikitini zimebaki, naweza kuzipigia nyumbani?

Zina transfoma ndogo nyuma, ni za laini ya volti 100. Honi iliyowekwa kwenye wati 10 ni omu 1000, amplifaya ya nyumbani ya volti 20 itaipa chini ya nusu wati, italia kama nyuki kwenye kopo. Kinyume chake ndio hatari: spika ya nyumbani ya omu 8 kwenye laini ya volti 100 inadai wati 1250. Spika au amplifaya ya laini, moja itakufa, pengine zote. Ukiipita ile transfoma ukakuta nyaya za honi yenyewe, hapo ni spika ya kawaida, ipime kwa mita kama nilivyosema.

Sabufa yangu imeandikwa wati 10000. Spika ya nje ya wati 100 itahimili?

Geuza nyuma usome inavuta wati ngapi ukutani. Ikisema 60, hawezi kutoa 10000, hata 60 hatoi zote.

Nitajuaje amplifaya imezidiwa kabla haijaungua?

Besi ikigonga taa za mbele zinafifia. Sauti inakuwa na mchanga ndani yake hasa waimbaji wanapopanda. Taa ya protekti, ile nyekundu ya ulinzi, inakuja na kuondoka. Na weka kiganja kwenye hitisinki, ukiweza kukiacha hapo ukahesabu mpaka kumi iko sawa, ukikitoa kwenye tatu punguza volyumu, alafu hesabu upya umefunga spika ngapi na kivipi. Nane kwa kumi utakuta kuna paraleli mahali ambapo shemeji alikuja Jumapili "kuongeza spika moja tu".